Ngitiri ya Somanda

Yule mzee anayenifyekea majani aliniuliza juzi, huku akijifuta jasho kwa ncha ya shati, "Mama, hizi nyasi nikazitupe wapi?" Swali la kawaida kabisa. Shimo la taka liko nyuma ya nyumba na yeye mwenyewe ndiye aliyelichimba. Lakini nilisimama kibarazani na kikombe cha chai mkononi nikashindwa kumjibu, maana harufu ya ukoka uliokatwa ukiwa bado na umande ilikuwa imeshanichukua. Mtu mzima mwenye wajukuu, nimeganda kwa sababu ya majani. Akauliza tena. Nikamwambia aziache palepale, nitaona cha kufanya. Aliokota fyekeo lake akaondoka akitikisa kichwa, na sikumlaumu.

Nilikulia Bariadi, upande wa Somanda, kabla Simiyu haijawa mkoa. Ninyi mliokulia huko miaka ile mnakumbuka nyumba ya mtu mwenye heshima ilivyokuwa: uwanja mtupu, umefagiwa alfajiri mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Jani likichomoza linang'olewa kabla halijajua limezaliwa. Majani mlangoni yalikuwa aibu ya mwanamke wa nyumba hiyo, tena makao ya nyoka, na shuleni tulikuwa tukiyafyeka kila Ijumaa kama adhabu. Kwa hiyo mnaweza kufikiria mtaa ulivyopokea habari kwamba baba yangu anapanda nyasi. Hazikujiotea. Alizipanda kwa mkono, kishina kwa kishina, mbele ya nyumba yake mwenyewe.

Baba alikuwa karani wa mizani kwenye kinu cha pamba cha chama cha ushirika. Kisha serikali ikafungulia biashara, mambo yakawa ruksa. Maduka yakajaa sabuni za kunukia na redio, watu wakavaa mitumba wakapendeza, na wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na malori yao na mizani yao wenyewe. Sisi watoto tuliona ni sikukuu isiyokwisha. Chama kikanyauka polepole, watu wakapunguzwa kazi, na siku moja baba akarudi mchana amebeba boksi lenye koti la mvua, chupa ya chai na rula ndefu ya mbao. Alikaa kibarazani siku mbili tatu akiutazama uwanja ule mtupu, nami nilidhani anasikiliza redio ya jirani.

Kumbe alikuwa anaona kitu. Miaka yote pale kinuni dirisha lake lilitazama nyumba ya meneja, iliyojengwa na wenye kinu wa zamani, na mbele ya nyumba hiyo kulikuwa na bustani. Aliijua kona kwa kona bila kuwahi kukanyaga ndani yake. Sasa alichukua karatasi, akaigeuza upande usioandikwa, akaanza kuchora kwa penseli na ile rula. Aliniita nishike ncha isipeperuke, ndiyo maana naikumbuka. Uzio wa minyaa kuzunguka kiwanja chote. Langoni bogenvilia mbili, moja kila upande, zije kukutana juu. Njia isiende moja kwa moja mlangoni, ipinde kidogo, ipangwe mawe yaliyopakwa chokaa. Katikati ukoka. Kwenye ukuta wa nyumba waridi, na yale maua mekundu yenye majani mapana kama ya mgomba, na yale madogo ya rangi nyingi yanayofunguka jua likipanda.

"Kwa nini njia inapinda?" nilimuuliza.

"Ili jicho litembee," alisema. "Mtu akifika langoni, jicho litangulie, miguu itafuata baadaye."

Mama alikuja na ungo wake akachungulia karatasi juu ya bega la baba. "Na mimi nikitoka jikoni na sufuria ya uji wa moto, jicho langu litembee nayo wapi?" Baba akacheka, mara ya kwanza tangu arudi na lile boksi, akafuta mstari mmoja, akachora njia ndogo ya kwenda jikoni. Mama akasema hapo sawa, hapo mtu anaweza kuishi.

Ukoka tuliufuata mtoni, kwenye kingo zinazobaki na unyevu hata mchanga ukiwa mkavu. Baba alichimbua, mimi na kaka zangu wawili tukatia vishina kwenye gunia lililoloweshwa. Nyumbani alifunga kamba kwenye vijiti, akapiga mistari, nasi tukachomeka kila kishina shibiri moja kutoka kwa mwenzake. Mvua za masika zilikuwa bado zinanyesha. Kwa wiki kadhaa hakuna kilichoonekana isipokuwa vijiti vilivyokauka, na majirani wakawa wanachungulia na kumuuliza mama kwa upole mkubwa kama siku hizi anaumwa mgongo, maana uwanja haufagiwi. "Mgongo mzima, jamani," mama aliwajibu. "Anayeumwa ni mume wangu." Wakacheka, naye akacheka nao, halafu akaingia ndani, na hata mimi mtoto nilijua kicheko kile hakikumfurahisha.

Halafu ukoka ukashikana. Sikumbuki ulivyoanza, nakumbuka tu asubuhi moja nilitoka kwenda kunawa uso nikakuta ardhi imebadilika rangi, na nikasimama na kopo la maji bila kujua nilitaka kufanya nini. Tangu siku hiyo nilikuwa nikilala kifudifudi pembeni, kidevu juu ya jiwe la chokaa, nikitazama kwa usawa wa majani. Ukitazama hivyo kwa muda, uwanja hauishi. Vijidudu vidogo vilipita humo chini vikiwa na safari zao, umande ulining'inia, na mwanga wa jioni uliingia kati ya majani ukalala humo. Niliamini kwamba upande wa pili kulikuwa na nchi nyingine, na kwamba wenyeji wake walituona sisi tukiota jua kibarazani wakatuhurumia. Mama akiniita nilisikia kwa mbali, kama mtu anayeitwa akiwa usingizini.

Kukanyaga kulikatazwa. Mchana mmoja baba alipokwenda sokoni nilivua ndala nikaingia mpaka katikati. Ulikuwa ubaridi ambao nyayo zangu hazijawahi kuujua. Nilifumba macho, na nilipoyafumbua baba alikuwa langoni. Alinichapa viboko viwili, vya kawaida tu, kisha akachuchumaa mbele yangu akaniambia bila hasira, "Zinakua hizi. Ziache zikue. Siku yake ikifika watu watakanyaga." Nikalibeba neno hilo kama lilivyo. Na mvua zilipokatika tukaanza kuoga kwenye beseni, kila mtu na zamu yake, kisha maji yale yanatiwa kwenye keni na kumwagwa kwenye nyasi. Visima vilikuwa na foleni, lakini baba hakuwahi kumwaga pale tone la maji safi; ilikuwa ni maji ya kuogea na ya kuoshea vyombo tu. Nilikwenda kulala nikijua nyasi zimekunywa vumbi langu la siku nzima na hazikuchukia.

Baba yake baba tulimwita Guku, ndivyo Wasukuma tunavyomwita babu. Aliishi Ngulyati na ng'ombe wake, na mimi aliniita "mama" kwa sababu nilirithi jina la mama yake mzazi. Alikuja siku moja na kibuyu cha maziwa ya mgando akamkuta baba ameinama na fyekeo. Akasimama langoni pale, kibuyu kwapani.

"Unafanya nini?"

"Nakata nyasi, baba."

"Za ng'ombe gani?"

"Hakuna ng'ombe. Nazipunguza tu, zilingane."

"Na hizo ulizokata?"

Baba akanyoosha mkono kuelekea shimo la taka. Guku akaenda mpaka kwenye shimo, akachungulia, akarudi. "Nilikwambia chama kikikuacha urudi nyumbani," alisema. "Mashamba yapo, ng'ombe zipo. Ukasema una kazi mjini. Kazi yenyewe ndiyo hii? Unaotesha majani, unayanyima ng'ombe, unayatupa?" Mama alileta kiti, hakukaa. Mama alileta maji, hakunywa. Alimkabidhi kibuyu, akaniwekea mkono kichwani, akaondoka. Mzee kutoka nyumbani kwa mwanawe bila kuonja hata maji si jambo dogo kwetu, na sote tulijua. Baba alimalizia kukata mpaka kona ya mwisho, polepole, kisha akanawa mikono kwa muda mrefu sana. Guku hakuja tena, wala salamu hazikuja.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kibaya. Kabla hakijafika kileleni, mnunuzi mmoja wa pamba aliyekuwa akijenga gesti karibu na stendi alipita na pikapu yake, akaona kijani chetu katikati ya vumbi la Somanda, akarudi nyuma. Alimwambia baba atakuja Jumapili ya wiki ya pili kutazama vizuri, na akiridhika, baba ndiye atakayemtengenezea bustani ya gesti na kuitunza. Wenzake nao walikuwa wanajenga. Asiporidhika, baba alimwambia mama, basi hakuna njia nyingine, tunafunga mizigo tunarudi Ngulyati kulima. Haya yote nimekuja kuambiwa nikiwa mkubwa. Wakati ule mimi nilisikia maneno machache tu kutoka jikoni, mama akisema, "Mgeni akizipenda nyasi zako, tumepona."

Nikapelekwa Ngulyati likizo fupi. Baba alinibeba kwa baiskeli mpaka njia panda, akanishusha, akageuza bila kufika kwa Guku.

Kwa Guku kulikuwa na ukimya. Kwa wale ambao hawakulelewa na wafugaji niseme ngitiri ni nini: ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza. Hakuna ng'ombe kuingia, hakuna mtu kukata, nyasi zinaachwa zikue, mpaka kiangazi kikiwa kikali na kwingine kote kumebaki udongo, ndipo mwenyewe anaifungua, na wanaotangulia kuingia ni wale dhaifu. Guku alikuwa na ngitiri nzuri, inayosifiwa. Lakini wanunuzi wale wapya walipoanza kugombania pamba, hata yeye alishawishika akalima nusu yake. Nusu iliyobaki ilikuwa imeshaliwa mpaka mizizi. Alinionyesha mwenyewe, akatema mate pembeni, akasema, "Nimeila kwa mikono yangu, mama." Walikuwa wamebaki ng'ombe sita wanaoweza kutembea. Mmoja mwekundu alikuwa na mimba, na kila asubuhi Guku alimwinua kwa kumshika mkia, kwa sababu ng'ombe huyo hakuweza kusimama peke yake.

Mimi nilikuwa na akili ya miaka minane au tisa, na akili hiyo ilikuwa imefanya kazi yake kimyakimya. Uzio wa minyaa. Kutokanyaga. "Ziache zikue, siku yake ikifika." Mgeni anayetoka mbali kuja kutazama nyasi. Sasa, duniani ni nani anayefunga safari kwenda kutazama nyasi kama si mtu mwenye ng'ombe? Nilimwona Guku asubuhi moja ameshika mkia, miguu inateleza, pumzi zinamtoka, na nikashangaa kwa nini anateseka hivyo wakati kitu chake kipo.

"Guku," nilimwambia, "kwa nini usiwapeleke kwenye ngitiri yako ya mjini?"

"Ngitiri gani?"

"Ile ya Baba. Amekufungia."

Aliachia mkia. "Imezungushiwa?"

"Kwa minyaa."

"Watu hawakanyagi?"

"Mimi nilikanyaga nikachapwa."

"Na sasa hivi, jua hili, kuna kitu?"

"Kijani kitupu, Guku. Tunaimwagilia maji tuliyoogea."

Akauliza kwa sauti ndogo, "Ni kubwa?"

"Kubwa sana," nilisema. Na sikudanganya. Kwangu ilikuwa kubwa kuliko uwanja wa shule, kwa kuwa sikuruhusiwa kufika upande wa pili. Guku akakaa chini kwenye vumbi, pale pale karibu na ng'ombe wake, akajipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Na mimi nilimsema vibaya," alisema, lakini hakuwa akiongea na mimi.

Tuliondoka Jumamosi majogoo yakiwika. Njia ile ningeitembea tena leo. Ng'ombe walitembea kama watu wanaotoka msibani, vumbi likapanda likatufunika wote rangi moja, na jua likawa kama halisogei. Kuna wakati nilitembea nimelala. Guku aliongea nao njia nzima, kwa Kisukuma cha chini chini, akiwaambia wavumilie, mtoto wake amewawekea. Watu tuliokutana nao walisalimia na kuuliza anakohamia na ng'ombe waliokonda vile. Guku alimjibu kila mmoja yale yale, akisimama kabisa ili asikike: "Nakwenda kwenye ngitiri ya mwanangu." Alilisema mara nyingi sana siku ile, nami nilikuwa nikivimba kichwa kila mara.

Tulifika Somanda jua likianza kulegea. Mawe ya njia yalikuwa yamepakwa chokaa upya. Ukoka ulikuwa umekatwa siku hiyo hiyo, umelingana kila mahali, na kibarazani viliwekwa viti viwili vya plastiki vya kuazima na meza yenye kitambaa cha mama cha kushona kwa mkono. Baba alikuwa amepiga magoti na mkasi, ananyoosha ukingo. Mimi nikapiga kelele kutoka barabarani, "Baba! Mgeni amekuja!"

Guku alifika langoni akasimama. Nilimtazama usoni kwa sababu nilitaka kuona atakavyofurahi. Macho yake yalianza kwenye mawe, yakapinda na njia, yakafika kwenye maua, yakafika kwenye viti na kitambaa, yakarudi kwenye nyasi fupi kama kidole ambazo ng'ombe sita wangezimaliza kabla giza halijaingia. Alikuwa amechunga maisha yake yote, hakuhitaji kuelezwa. Aliweka fimbo mbele ya kifua cha yule mwekundu kumzuia.

"Mwadila," alisalimia. "Tunapita tu. Tunapeleka ng'ombe ziwani, kule Mkula. Wanasema kuna majani."

"Mwadila, baba." Baba alisimama, akawatazama ng'ombe, mbavu zao, kisha akanitazama mimi niliyejaa vumbi mpaka kope. "Mtoto anasema mgeni. Mgeni gani?"

"Guku!" nilisema, na nilisema kwa majivuno. "Nimemwambia ngitiri yake iko tayari."

Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni. Aliweka kiganja mdomoni. Lori lilipita barabarani, likatokomea. Guku alikuwa anatazama chini, kwenye vidole vya miguu yake, na katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona mzee yule akitazama chini. Baba aliuangalia ukoka wake kutoka upande mmoja mpaka mwingine, taratibu, kama vile hajawahi kuuona. Kisha akaweka mkasi dirishani. Akaja langoni, akang'oa nguzo moja ya lango, na kwa kuwa pembe za ng'ombe zisingepita, akang'oa na ya pili.

"Umechelewa, baba," alisema. "Nilikutegemea wiki iliyopita."

"Ni ndogo," alisema Guku, bado akitazama chini.

"Ni ndogo. Kiwanja cha mjini, utafanyaje."

"Naona una shughuli. Naona viti."

"Viti ni vya kukalia. Muingize huyo mwekundu kwanza, ndiye dhaifu."

Aliingia yule mwekundu, akainamisha kichwa, akang'oa. Sauti ile ya nyasi kukatika kwenye meno ya ng'ombe mwenye njaa sijaisikia tena kwa ukaribu ule. Wengine wakafuata, pembe zikipangusana, na harufu ikajaa kiwanja kizima, ikaingia mpaka ndani ya nyumba. Baba aliondoa mawe yake ya chokaa kwa mikono, mojamoja, yasiwaumize kwato. Bogenvilia moja ikavunjika. Mama alileta beseni la maji, akaliweka mbele ya ng'ombe, kisha akaenda kusonga ugali, na jioni ile Guku alikaa akala, akaongeza mlenda, akaomba na maji ya kunywa.

Mama alipokunja kile kitambaa cha meza ndipo nilipomsikia akimuuliza baba polepole, "Na kesho?" Baba akasema, "Kesho itafika." Nikaelewa kwamba kulikuwa na mgeni mwingine, na kwamba nilichokifanya hakikuwa kile nilichodhani nimekifanya. Baba aliniuliza tu kama miguu inauma. Nikasema hapana. Inauma mpaka leo, kwa namna yake.

Mnunuzi alikuja asubuhi, watu wakienda kanisani. Alivaa kaunda suti na miwani ya jua. Kiwanja kilikuwa tope, samadi na mizizi iliyochanwa, ng'ombe sita wamelala wanacheua. Kilichosalimika ni maua ya ukutani tu: waridi kwa sababu ya miiba yake, yale mekundu, na yale madogo yaliyokuwa yanaanza kufunguka. Guku alikuwa amesimama katikati ya ng'ombe wake na fimbo.

"Sasa bwana," alisema yule mtu, "bustani iko wapi?"

Guku alifungua mdomo. "Bosi, hili kosa ni langu, mimi ndiye..."

"Hakuna bustani hapa, bosi," alisema baba. "Hii ni ngitiri ya mzee wangu."

"Ngitiri? Hapa mjini?"

"Ndiyo. Tuliifunga tangu masika."

Yule mtu akacheka, akasubiri baba naye acheke, baba hakucheka. Akatazama soli ya kiatu chake, akapanda pikapu, akaondoka.

Kazi ile aliipata mtu mwingine, na gesti ikaja kuwa na bustani ya kawaida tu. Sisi kabla ya mvua tulikuwa tumehamia Ngulyati. Nilibadilishwa shule, nikalia siku nyingi, mama akaanza upya kulima pamba akiwa na mgongo ambao sasa ulikuwa unamuuma kweli. Ng'ombe walifika ziwani wanne, na mwekundu alizalia huko. Nimejilaumu miaka mingi. Baba hakunilaumu hata siku moja, hata kwa utani, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kuna nyakati nilitamani angenipiga tu yaishe.

Lakini Jumapili ile, vumbi la pikapu lilipotulia, hatukuwa tunajua lolote kati ya hayo. Guku alibaki ametazama maua ya ukutani. Kengele ya kanisa ililia mara ya pili, mama akasimama na leso yake mkononi bila kuifunga.

"Hayo yaliyobaki," Guku alimuuliza baba, "na yenyewe ng'ombe zinakula?"

"Hapana, baba. Ni ya kuangalia."

"Kuangalia tu?"

"Kuangalia tu."

Guku alifikiri. Kisha akaegemeza fimbo kwenye ukuta wa jikoni, akakifuata kiti kilichowekwa kwa ajili ya mnunuzi, akakigeuza kielekee maua, akakaa, mikono juu ya magoti.

"Haya," alisema. "Nionyeshe."

Baba akachuchumaa kando yake kwenye tope, akaanza kumtajia, ua moja baada ya jingine.